Kodi ya kiangazi: kwa nini Connell hakuomba kukaa kwa Marianne

Connell Waldron, kijana wa tamthilia ya Normal People, amekuja na ombi moja tu. Kodi ya chumba chake Dublin imemshinda, likizo ya kiangazi ndiyo hiyo inaingia, na mpenzi wake Marianne Sheridan ana nyumba nzuri katika mji huo huo, nyumba ambayo Connell tayari analala karibu kila usiku. Anachotakiwa kusema hakizidi pumzi moja: naomba nikae kwako mpaka Septemba. Badala yake anamwambia kwamba hataweza kulipa kodi. Marianne anauliza, kwa hiyo unarudi kwenu? Anajibu kwamba inaelekea hivyo. Kimya kinaingia. Kisha Connell, kwa kinywa chake mwenyewe, anatamka kwamba bila shaka Marianne atataka kuwa na watu wengine. Marianne anakubali, kwa sauti iliyopoa kabisa.

Basi, wameachana. Hakuna aliyefumaniwa, hakuna mkwe aliyeingilia, hakuna barua iliyoibwa njiani wala ujauzito wa siri. Watu wawili wanaopendana, ambao kila mmoja anatamani mwenzake abaki, wametengana kwa mazungumzo ya dakika chache kuhusu kodi ya nyumba.

Normal People ilitolewa na BBC Three tarehe 26 Aprili 2020, ikaonyeshwa Ireland na RTÉ siku mbili baadaye, na Marekani ikapitia Hulu. Ina sehemu 12, kila moja karibu nusu saa. Imetokana na riwaya ya Sally Rooney ya mwaka 2018, na Rooney mwenyewe alishiriki kuandika mswada wake pamoja na Alice Birch. Daisy Edgar-Jones ndiye Marianne, Paul Mescal ndiye Connell. Ilitoka wakati dunia imejifungia ndani kwa korona, kila mtu amebaki na aliye naye au na upweke wake, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya watu waishike kwa nguvu namna ile. Mescal alipata tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora mwaka 2021, na wengi walimpongeza kwa yale anayoyafanya katika sehemu ya 10, ambayo nitaifikia. Mimi naona kazi yake ngumu zaidi iko kwenye sehemu ya 6, katika kisa hiki cha kodi, pale anapotakiwa kuigiza mtu ambaye neno limemkwama kooni.

Watazamaji wengi wakifika hapo hupandwa na hasira. Si angesema tu! Si angeuliza! Kuna wanaoichukia tamthilia nzima kwa sababu ya dakika hizo, wakiona kwamba waandishi wamelazimisha kutoelewana ili hadithi isonge mbele. Naelewa hasira hiyo. Tumezoea tamthilia ambamo mtu anasikia nusu ya maneno nyuma ya mlango, anakimbia akilia, na sehemu 30 zinazofuata zinakula matunda ya nusu hiyo. Ila ukimweka Connell kwenye kundi hilo umeacha kumtazama. Ukimfuata tangu mwanzo, kumwomba Marianne mahali pa kulala ndicho kitu kimoja ambacho kijana huyu, kwa malezi yake na kwa mlango aliouingilia katika maisha ya msichana huyu, hawezi kukifanya. Hicho ndicho ninachotaka kukionyesha.

Turudi Sligo, kaskazini magharibi mwa Ireland, kwenye mji mdogo wa kubuni unaoitwa Carricklea. Connell na Marianne wako mwaka wa mwisho wa sekondari. Marianne anatoka familia yenye jumba, mama yake Denise ni mwanasheria, baba amefariki. Connell analelewa na mama peke yake, Lorraine, aliyemzaa akiwa bado binti mdogo. Na Lorraine anafanya usafi katika jumba la akina Marianne. Ndivyo vijana hawa walivyokutana: Connell anakuja na gari kumchukua mama yake kazini, anasimama jikoni akisubiri, na Marianne yupo.

Jiko hilo lishike akilini. Kila mtu aliyekulia Dar, Mombasa au Nairobi anajua mtoto wa dada wa kazi anavyosimama katika nyumba ya bosi. Anajua wapi pa kukaa na wapi si pa kukaa. Anajua kutogusa. Akikaribishwa chakula anasema ameshiba. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Amemtazama mama yake tu, naye mama yake hakuinama mbele ya mtu, alifanya kazi yake na kuondoka. Lorraine ni mtu wa heshima zake kabisa, tena kwangu ndiye mwenye akili timamu kuliko wote katika hadithi hii. Lakini mpangilio wa nyumba ile ulikwishamweleza Connell yeye ni nani ndani yake: ni mtu anayesubiri mlangoni mpaka mama amalize.

Hapo hapo kuna jambo linalochanganya mizani. Shuleni, Connell ndiye mwenye cheo. Ni mchezaji hodari, ana marafiki, kila mtu anampenda. Marianne anachekwa, anaitwa mkorofi, anakula peke yake. Kwa hiyo nyumbani msichana yuko juu na kijana yuko chini. Shuleni kijana yuko juu na msichana yuko chini. Mapenzi yao yanaanza katikati ya mizani hizo mbili, na yanaanza kwa siri, kwa sababu Connell anataka siri. Anaogopa marafiki zake watasema nini. Marianne anakubali kufichwa. Anakubali haraka mno, na hilo nalo lina historia yake.

Siri hiyo inafika kikomo kwenye Debs, dansi ya kuwaaga wanaomaliza sekondari, ambayo huko Ireland ni shughuli ya mavazi, maua na nani kaja na nani. Connell anamwalika msichana mwingine, Rachel, mmoja wa wale wale wanaomdhihaki Marianne. Lorraine anapojua, wako ndani ya gari. Anamuuliza mwanawe, anapata majibu ya kukwepa, anamwambia waziwazi kwamba anamwonea aibu, kisha anashuka na kuamua kupanda basi. Nimeitazama mara nyingi picha ile ya mama anashuka. Mwanamke anayedeki sakafu za akina Sheridan ndiye anayemtetea binti yao, wakati mama mzazi wa binti huyo hana habari. Marianne anaacha kwenda shule na kubaki nyumbani akijisomea mitihani.

Kwa hiyo ukimya wa kwanza wa Connell ulikuwa wa mwenye nguvu. Alikuwa na cheo cha kupoteza, akanyamaza ili kukilinda, na aliyeumia ni Marianne. Kule Dublin baadaye anamwomba radhi, naye anamsamehe. Wanarudiana. Mtazamaji anapumua akidhani funzo limeingia.

Lakini Dublin imegeuza kila kitu. Kutoka Sligo ni kama kilomita 200, umbali wa Dar na Morogoro, na kwa Connell ni kama kuhama sayari. Wote wawili wako Trinity College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1592, na pale Marianne amechanua. Ana marafiki, ana mavazi, ana maneno ya kusema kwenye sherehe. Ujasiri wake uliokuwa ukimletea kejeli Carricklea hapa unaitwa haiba. Connell, mfalme wa shule ya kijijini, anatembea korido za chuo na lafudhi yake na viatu vyake vya mazoezi, akiwasikiliza vijana wa Dublin wakichambua kwa kujiamini vitabu ambavyo hawajavisoma. Yeye amevisoma. Anakaa kimya.

Tena anafanya kazi. Ada yenyewe ya shahada ya kwanza serikali ya Ireland inawalipia wengi tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini chuo si ada peke yake. Kinachomaliza watu ni kuishi. Riwaya inaweka mambo haya kati ya mwaka 2011 na 2015, yaani Ireland ya baada ya mdororo, nchi iliyolazimika mwishoni mwa 2010 kuingia katika mpango wa uokoaji wa yuro bilioni 85. Vijana wa miji midogo walihesabu senti. Kibarua cha mgahawani kinapoyumba, kama kinavyomyumbia Connell, hakuna mjomba wa kupigiwa simu. Kodi haisubiri.

Sasa tumrudishe pale mbele ya Marianne, na tusikilize upya. Ombi lake lina sura ngapi? Kwa Marianne, kama lingetamkwa, lingekuwa na sura moja tu: mpenzi wangu anataka tuwe pamoja kiangazi chote. Angefurahi. Kwa Connell lina sura nyingine kabisa. Mama yangu anasafisha nyumba ya familia yako, na sasa mimi naomba kulala bure katika nyumba nyingine ya familia hiyo hiyo. Sisi tuna neno kali kwa mwanamume wa namna hiyo. Tunamwita marioo, na hata kabla halijatamkwa linaweza kumfanya mtu ahame mji. Connell halijui neno hilo, ila analijua joto lake usoni.

Waliosoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watanielewa haraka zaidi. Kubebana kule ni jambo la kawaida: aliyepata chumba hosteli anambeba aliyekosa, wanalala wawili kitanda kimoja, maisha yanasonga. Kinachoruhusu kubebana kusiwe na fedheha ni kwamba wote mko hali moja. Leo umebebwa, mwakani utabeba, na boom, ile pesa ya mkopo wa kujikimu, likichelewa linawachelewesha wote. Mzigo unazunguka. Kati ya Connell na Marianne mzigo hauzunguki. Hakuna mwakani ambayo Marianne atakosa pa kulala. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe hilo lina huruma ndani yake, maana linampa mgeni njia ya kuacha kuwa mgeni. Nyumba ya Marianne haina jembe la kumpa Connell. Angekaa miezi mitatu akiwa mgeni wa siku ya kwanza.

Najua atakayejibu kwa methali nyingine, kwamba mficha uchi hazai. Ni kweli, na hadithi yenyewe inampa haki, kwa sababu Connell anaficha na anapoteza. Lakini anayeitumia hapa aangalie kwanza nani anatakiwa avue. Marianne hajawahi kuulizwa katika maisha yake analipaje kodi. Hafichi shida ya pesa kwa sababu hana shida ya pesa. Katika chumba kile mmoja yuko uchi na mwenzake hajui kwamba nguo zinanunuliwa.

Hapa ndipo lawama inapomgusa na Marianne pia, ingawa kwa upole. Mtu anakwambia hana kodi, wewe una nyumba, analala kwako usiku kucha. Kwa nini usiseme kaa? Jibu la kwanza ni hilo nililolitaja: haimjii akilini kwamba tatizo ni pesa. Anadhani pesa ni kisingizio. Jibu la pili ni zito zaidi na ndilo linalomfanya Marianne awe mhusika, si mfano wa tajiri asiyejua kitu. Amekulia katika nyumba ya vipigo. Baba yake alimpiga mama yake. Kaka yake Alan anamtukana na kumsukasuka, na mama anatazama pembeni kana kwamba hakuna kilichotokea. Amejifunza mapema kwamba hapendeki, na kwamba ukitaka kupendwa hata kidogo lazima ukubali masharti ya mwenzako, yawe yoyote. Ndiyo maana alikubali kufichwa shuleni bila kupiga kelele. Kwa hiyo Connell anapotamka kwamba anarudi kwao, Marianne anasikia kile alichokuwa akikisubiri tangu mwanzo: ameondoka, kama nilivyojua ataondoka. Kuomba abaki kungekuwa kujishusha kwa mtu aliyemficha mara moja. Anavaa ile sauti ya baridi. Sauti hiyo ndiyo nguo pekee aliyonayo.

Ona sasa zilivyofungana. Connell hawezi kuomba kwa sababu anaogopa kuonekana anamtumia Marianne. Marianne hawezi kutoa kwa sababu anadhani hahitajiki. Kidonda cha mmoja kimekaa sawasawa juu ya kidonda cha mwenzake, na kila mmoja anasoma maumivu ya mwenzake kama dharau. Mwandishi mvivu angehitaji mtu wa tatu mwenye hila ili kuwatenganisha. Hapa hakuna haja naye.

Lenny Abrahamson aliongoza sehemu 6 za kwanza, kisha Hettie Macdonald akachukua 6 za mwisho. Kisa hiki kipo katika sehemu ya mwisho ya Abrahamson, kwenye bawaba kabisa ya tamthilia. Njia yake ni kuisogeza kamera karibu na nyuso na kuiacha hapo muda mrefu kuliko tulivyozoea. Hakuna muziki wa kutuelekeza tulie. Tunamwona Connell anameza mate. Tunaona macho yanakwenda pembeni. Tamthilia hii ilizungumzwa mno kwa sababu ya mapenzi ya mwili iliyoyaonyesha, hata Ireland mjadala ulifika redioni, na kweli zipo picha ambazo hutazitazama ukiwa na wazazi sebuleni. Lakini zina kazi katika kisa chetu: zinaonyesha watu wawili wanaoelewana bila shida yoyote pale ambapo maneno hayahitajiki. Chumbani Connell anauliza, anahakikisha, anasikiliza. Mtu huyo huyo, akishavaa nguo na mada ikiwa pesa, ulimi unakufa.

Baada ya hapo kila mmoja anakwenda kulipia ukimya ule kwa namna yake. Marianne anaingia kwa Jamie, kijana wa kitajiri mwenye roho mbaya, halafu akiwa masomoni Sweden anamwangukia mpiga picha anayemdhalilisha. Connell anampata Helen, binti mwema, mchangamfu, anayetambulishwa kwa kila mtu bila kificho. Hapa nina ugomvi kidogo na waandishi. Helen hakutendewa haki. Anapewa kazi ya kuthibitisha kwamba uhusiano wa kawaida haumtoshi Connell, kisha anaondolewa. Alan naye ni ukatili mtupu usio na mlango wa kuingilia, na Denise hapati hata nusu saa yake ya kueleweka. Katika tamthilia inayochimba watu wawili kwa kina namna hii, wanaowazunguka wakati mwingine wanabaki kama kuta.

Kinachogeuza maisha ya Connell hakitoki kwa mwanamke yeyote. Kinatoka kwenye mtihani. Trinity ina ufadhili wa zamani unaoshindaniwa kwa mtihani mgumu: anayeushinda anaondolewa ada, anapewa chumba chuoni, na jioni anakula mezani na wenzake bila kulipa. Wote wawili wanaupata. Kwa Marianne ni uthibitisho kwamba ana akili. Kwa Connell ni paa. Ghafla anaweza kupanda treni na kuzunguka Ulaya na rafiki, kuziona kwa macho kazi za sanaa alizozisoma vitabuni. Dunia iliyokuwa ya wengine imekuwa na yeye ndani. Napenda kwamba tamthilia hailionei haya jambo hili. Inasema wazi kwamba pesa ilikuwa imesimama kati yao kama ukuta wa kweli, si kama hisia mbaya ya kuongelewa ikapoa.

Kuna usiku mmoja Connell anaporwa mjini. Simu hana, pochi hana, uso unavuja damu, na anayemkimbilia ni Marianne, ambaye wakati huo yuko na Jamie. Anahitaji pesa ya teksi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tunayomwona akimwomba Marianne kitu kinachohusu pesa, na ilibidi kwanza apigwe. Damu ilikwisha kusema kwa niaba yake. Baadaye wanaanza kuyagusa waliyoyakwepa: kwamba walifahamiana kwa sababu ya ajira ya Lorraine, na kwamba malipo anayopata kwa Denise ni ya kusikitisha. Baadaye sana ndipo kinafumbuka na kile cha kiangazi. Marianne hakujua kabisa kwamba Connell alitaka kukaa. Connell hakujua kwamba angekaribishwa. Hakuna anayepiga kelele. Wanakipokea kama watu wanaopokea taarifa ya msiba wa mwaka juzi.

Sehemu ya 10 inaanza na kifo. Rob, rafiki wa Connell tangu shuleni, amejiua, na Connell anazama. Tunamkuta mbele ya mshauri nasaha wa chuo, anajaza karatasi ya maswali kuhusu usingizi na mawazo ya kufa, na halafu anaanza kusema. Anasema alitoka Carricklea akidhani atapata maisha mengine, lakini huku aliko anapachukia, na kule alikotoka hawezi kurudi tena kwa sababu marafiki wale wameisha, na Rob amekufa. Analia vibaya, kwa sauti, pua inavuja. Wengi wameieleza picha hii kama kilele cha uigizaji, na sipingi. Ila mimi naitazama kama jibu la sehemu ya 6. Hiki ndicho kilichokuwa nyuma ya kodi. Pale alishindwa kusema sina pa kukaa Dublin; hapa anaeleza kwamba hana pa kukaa popote. Na anayemwambia ni mgeni, aliyewekwa na chuo kumsikiliza, asiye na jumba linalosafishwa na mama yake. Ni rahisi zaidi kuvua mbele ya mtu ambaye hutakutana naye jikoni.

Halafu hadithi inafanya jambo ambalo sikulitarajia nilipoitazama mara ya kwanza. Nilidhani tutasubiri Connell ajifunze kuomba. Anayeomba kwanza ni Marianne. Wako Sligo tena, wamegombana, ameondoka kwa Connell na kurudi kwenye lile jumba, na Alan anambamiza kwa mlango na kumvunja pua. Marianne anachukua simu anampigia Connell. Hajifanyi, havai sauti ya baridi. Connell anafika na gari, anamtoa nje, anamwambia Alan uso kwa uso kitakachompata akimgusa tena. Denise anatazama. Kijana aliyezoea kusubiri jikoni ameingia kupitia mlango wa mbele, na anaondoka na binti wa nyumba bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sehemu ya mwisho ina Krismasi. Marianne haiendi kwao. Anaila nyumbani kwa Lorraine, katika nyumba ndogo ya mwanamke aliyekuwa akimsafishia sakafu, kati ya ndugu, kelele na sahani za kupokezana. Hakuna anayetoa hotuba kuhusu hilo. Yupo tu mezani kama mtu wa humo. Mimi ndipo nilipoona kwamba ile hesabu iliyokuwa haizunguki imezunguka hatimaye. Kulikuwa na kitu ambacho Marianne alikikosa, tena kikubwa kuliko kodi, na nyumba ya Connell ilikuwa nacho cha kumpa. Kumbe siku zote kilikuwepo. Kijana hakukiona kwa sababu alikuwa akihesabu vyumba.

Mtu akinishawishi kwamba Connell amebadilika kabisa, sikubali. Anapopata nafasi ya kusomea uandishi New York, inajulikana kwamba aliomba bila kumwambia Marianne. Alificha, kwa aibu ya kukosa. Tabia ile ile, koo lile lile. Naipenda tamthilia hii kwa kumwachia kovu hilo mpaka sehemu ya 12. Tofauti ni kwamba sasa linadumu dakika chache tu. Marianne anamuuliza, naye anajibu. Anasema anaogopa kuondoka. Anasema atamkosa. Marianne anamwambia atamkosa mwanzoni, halafu itapoa. Wanaambiana wanapendana, na hakuna anayemwachia mwenzake kazi ya kubahatisha.

Halafu wanaamua. Connell atakwenda New York, Marianne atabaki Dublin. Yaani matokeo ni yale yale ya kiangazi kile: kijana anafungasha, msichana anabaki mjini. Kuna waliokasirika tena hapo, wakisema wamesubiri sehemu 12 ili waachane upya. Mimi niliwatazama wamekaa bega kwa bega, macho mekundu, Marianne akilitamka yeye mwenyewe kwamba mwenzake aende. Kodi haijatajwa. Safari hii kila mmoja anajua mwenzake angetaka abaki.